Mke Mwenza wa Wati Nane

Siku niliyoingia nyumba hii kama mke, aliyenikaribisha ni mke mwenzangu, naye alikuwa ameshazikwa zamani. Mume wangu alisukuma mlango wa mbele, nikatanguliza mguu, begi mkononi, na kabla hajafungua kinywa sauti ya kike ikatoka juu ya kizingiti: "Karibu nyumbani." Sauti tamu, yenye utulivu wa mtu aliyeshiba. Nikageuka huku na huku nikimtafuta mwenyewe.

Mume wangu akacheka. "Usishtuke, bibie. Hiyo ni nyumba inaongea."

Nikamuuliza nyumba ilijifunzia wapi kuongea kama mwanamke. Akanijibu bila kupepesa macho, "Marehemu ndiye aliyerekodi," kisha akaingiza mizigo yangu chumbani.

Mume wangu ni fundi wa lifti, na mtaani hana jina jingine ila Fundi Lifti. Kutwa yumo ndani ya visanduku vya chuma vinavyopanda na kushuka kwenye majengo ya watu, na humo kuna sauti inayotangaza kila jambo: mlango unafunguka, mlango unafungwa, ghorofa ya tano. Alipojenga nyumba yake akaona nayo sharti ijieleze. Akaweka kompyuta kubwa kwenye kabati la koridoni, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, mwenyewe huiita seva. Akaipitishia nyaya hadi kwenye geti, tangi la maji, friji na mlango wa mbele, akabandika spika ndogo kila chumba. Seva hiyo ndiyo inayotunza picha za familia, ndiyo inayopokea kamera ya getini, na ndiyo inayotangaza. Mwanzoni ilitangaza kwa sauti ya mashine, kavu, ya karani aliyenyimwa likizo. Mke wake wa kwanza akasema hawezi kuishi na mtu wa namna hiyo. Akashika kipaza sauti, akarekodi maneno yote yeye mwenyewe.

Watu walimwita Chiriku. Kila aliyemfahamu huniambia alikuwa na sauti. Hakuna anayeniuliza kama nilitaka kujua.

Mimi ni mshona mapazia, na kazi yangu naifanyia sebuleni, kwa hiyo Fundi akiondoka asubuhi tunabaki wawili, mimi na Chiriku. "Tangi limejaa." "Mlango wa friji uko wazi." Nilijifunza kutoa maziwa upesi upesi, kama mwizi, ndani ya jiko langu mwenyewe, ili tu asiniwahi. Lakini lililonichoma kuliko yote lilikuwa la getini. Geti likisahauliwa wazi, husema, "Geti liko wazi, jamani!" na kwenye hilo jamani kuna kicheko. Hakitoki chote, kinakatika katikati, kama cha mtu anayejizuia. Nilikaa na cherehani yangu nikakipima kicheko kile kwa wiki na wiki. Mtu hachekei kipaza sauti. Mtu humchekea mtu. Basi aliyesimama mbele yake siku ile nilimjua, na ndiye niliyekuwa nampakulia chakula jioni.

Nisizunguke mbuyu: nilimwonea wivu. Angekuwa hai ningemkabili, tungepashana, mmoja angeondoka na kanga ya mwenzake mkononi. Sasa utagombanaje na marehemu? Ukimsema vibaya unaonekana mchawi, ukimsifu unajichoma mwenyewe. Marehemu hanuni, hazeeki, hachomi wali. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: sauti ile itoke nyumbani mwangu, na itoke bila mimi kuomba. Kwa maana nikiomba, halafu mume wangu asite hata kidogo, nitakuwa nimeonyeshwa nafasi yangu, na nikishaonyeshwa siwezi tena kujifanya sijaiona.

Akili ni nywele, na dada yangu nywele ndiyo kazi yake. Nilikwenda saluni kwake kusukwa, nikammwagia yote huku kichwa changu kikiwa mikononi mwake.

"Mdogo wangu, usimshike kwenye marehemu," akasema, kitana mdomoni. "Hapo utateleza. Mshike kwenye umeme."

"Umeme?"

"Hiyo mashine haizimwi, si ndiyo? Inakula umeme kutwa kucha. Lalamika umeme. Mwanamume anaweza kubishana na machozi, lakini uniti zinapoisha hana la kusema. Atazima mashine mwenyewe, na huyo chiriku wako atanyamaza, na wewe hutakuwa umemtaja hata mara moja."

Niliona dada yangu ana akili kuliko wote waliowahi kushika kitana. Jioni ile ile, Fundi anakula, nikaanza. Umeme unayeyuka, nikasema. Tunanunua leo, keshokutwa umekwisha. Na hatuna tanuri, hatuna kiyoyozi. Sasa unakwenda wapi kama si kwenye lile dude la koridoni linalounguruma mchana na usiku?

Fundi akaacha kutafuna. Nikadhani nimempata. Loo! Uso wake ukang'aa.

"Unajua nimewahi kuliwazia hilo?" akasema. "Sijawahi kulipima."

Hapo ndipo nilipokosea hesabu, na dada yangu pia, maana yeye ameolewa na mwuza mbao. Ukimwambia mwuza mbao kitu kinakula umeme, atakizima. Ukimwambia fundi, umempa zawadi.

Kesho yake alirudi na kipimo, kidude cha kuchomeka ukutani, halafu mashine inachomekwa juu yake, na namba zinaonekana. Akaniita nikaone. Wati tisini na kitu, bila kufanya kazi yoyote ya maana. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, lakini mikono ilikuwa inamwasha. Baada ya chakula akaifungua seva pale pale koridoni, akakaa chini na bisibisi. Akatoa kadi kubwa ya picha, akanieleza kuwa mashine isiyokuwa na kioo haina sababu ya kuchora picha, ni sawa na kumwekea kipofu taa ya kusomea. Nikacheka, kisha nikajikasirikia kwa kucheka.

"Sitini na tano!" akapiga kelele. "Bibie, njoo uone!"

"Bado ni nyingi," nikasema.

Bado ni nyingi. Hilo likawa neno langu, na kila nililotamka lilimpa kazi mpya. Ndani ya seva mlikuwa na diski nne zinazozunguka saa zote, mbili kati yake zimebeba vitu vilivyojirudia. Akakusanya yote kwenye moja, na hiyo moja akaifundisha kulala pasipo mtu wa kuiita. Akaiamuru kompyuta ipunguze mwendo wakati haina shughuli. Ikashuka hadi arobaini. Nikasema bado. Akaja kugundua kwamba diski haipati usingizi kwa sababu kamera ya getini inaandika picha za geti lililofungwa, saa baada ya saa, kana kwamba geti litakimbia. Akaipanga irekodi tu pale kitu kinapopita. Ikashuka tena. Bandu bandu huisha gogo, akasema, akijipangusa vumbi la feni usoni.

Nami gogo langu lilikuwa pale pale. Kila alipomaliza kurekebisha alijaribu kama vyote vinafanya kazi, na kujaribu maana yake ni kufungua mlango. "Karibu nyumbani." Kufungua friji. "Mlango wa friji uko wazi." Mume aliyekuwa akikaa nami sebuleni jioni, akinishikia pindo nikate kitambaa, sasa alikuwa amechutama koridoni amenipa mgongo, na sauti ya yule bibi inamzunguka kichwani. Nilitaka kumwondoa mke mwenza, nikamtengenezea miadi ya kila siku.

Dada nikamwambia. Dada akasema kaza uzi, kuna mahali wati hazishuki tena, hapo atachoka aizime.

Basi nikakaza. Na Fundi akaja na sanduku dogo lililotoka katika ofisi fulani iliyokuwa inabadilisha kompyuta zake, sanduku la kutosha kwenye kiganja, halina feni hata moja. Akahamishia humo kila kitu kilichokuwa kwenye lile dude. Picha, kamera, matangazo.

"Na sauti?" nikauliza, kwa unyonge wa mtu anayeuliza bei.

"Na sauti, zote. Hakuna kilichopotea!" Akachomeka kipimo. "Nane. Bibie, wati nane! Unaijua pasi yako? Nimeipima pia. Ukipiga pasi pazia moja la ukumbi, sanduku hili linaishi siku nzima na chenji inabaki."

Nilimtazama, nikaitazama pasi yangu. Hata mtu mwenye hila zangu hawezi kudai kwamba nyumba inafilisiwa na wati nane. Lile dude akalibeba likaenda kwenye stoo, na koridoni kukawa kweupe.

Halafu nikasikia nilichokifanya. Kumbe ule mngurumo wa feni, niliokuwa nimeuzoea hata sikuusikia tena, ndio uliokuwa umemfunika Chiriku. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na alipozungumza alizungumza ndani ya kimya hicho. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani tangi lilipojaa, na kabla ya neno la kwanza nikamsikia akivuta pumzi. Pumzi! Ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti changu. Nilichomwa na sindano, nikakaa nikinyonya kidole na kulia kwa hasira. Jasho lote la mume wangu na maneno yangu yote ya umeme yalikuwa yametumika kumsafishia koo.

Nikavumilia, nikajikaza kisabuni. Sikujua lililokuwa njiani.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mkuu wa shule, mama wa heshima zake, alikuja kuchukua mapazia ya ofisi. Nikamfungulia mlango, na juu ya kizingiti sauti ikamwambia karibu nyumbani. Mwalimu mkuu akavua miwani, akatabasamu kuelekea koridoni, akajibu, "Asante sana, mama!" Kisha akanigeukia, akashusha sauti kidogo, kama unavyosema na mfanyakazi wa mtu ili mwenye nyumba asisikie. "Mwambie mwenye nyumba nimefurahi kukaribishwa. Watu wa kukaribisha wageni hivyo wamekwisha siku hizi."

Nikasema nitamwambia. Nikamfungia mapazia yake, nikamsindikiza getini, nikafunga geti kwa nguvu zote. Nikarudi moja kwa moja kwenye kabati la koridoni na kung'oa plagi ukutani.

Fundi aliporudi kutoka kazini alifungua mlango, akasimama kizingitini akiwa ameinua kichwa.

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Nimechomoa."

"Umechomoa?" Akaja mbio na viatu vyake. "Kwa nini, bibie? Iko wati nane! Hata taa ya chooni inakula zaidi ya—"

"Si wati!" Nilisikia sauti yangu ikigonga dari. "Wati zako nyamaza nazo! Hazijawahi kuwa wati! Ni yeye!"

"Yeye nani?"

Nilimkodolea macho nione kama anacheza. Fundi Lifti hajui kuigiza. Akificha zawadi, yeye ndiye wa kwanza kuitazama ilipo. Alikuwa amesimama na plagi mkononi, mdomo wazi, anasubiri kuambiwa ni nani.

"Chiriku! Mke wako! Ananikaribisha nyumbani kwangu, ananigombeza jikoni kwangu, leo mteja ananiagiza nimpelekee salamu! Nimekuwa hausigeli wa marehemu!"

Akaketi juu ya ngazi ndogo aliyokuwa ameiacha pale tangu jana. Mimi nilisimama nikingoja kule kusita nilikokuogopa tangu siku ya kwanza. Hakusita. Alionekana tu kama mtu aliyeulizwa rangi ya soksi zake.

"Zile ni sauti zake, ni kweli," akasema. "Haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau. Mimi nasikia tangi limejaa, naenda kuzima pampu. Kutwa nzima niko kwenye lifti, zinaongea mpaka basi. Ukiniuliza anayeongea ni mwanamke au mwanamume, sijui. Nasikia ghorofa ya tano, natoka." Akanishika mkono. "Ungeniambia tu. Mimi nakusumbukia wati kumbe unaumia. Zitafutwa leo hii. Wewe mwenyewe utarekodi, hata sasa, kabla ya kula. Kipaza sauti kipo."

Jamani, furaha! Siwezi kuieleza. Nilikuwa nimepigana muda wote ule na mwanamke ambaye mwenye nyumba hata hamsikii. Kwake alikuwa kengele tu. Nilitaka kucheka, nilitaka kumkumbatia, nilitaka kukimbia saluni nikamwambie dada. Kila nilichokitaka kilikuwa kwenye kiganja changu, sikuhitaji ila kukifumba.

Lakini mwenye wivu hatosheki na kushinda, anataka kuhakikisha.

"Kweli humsikii?" nikamuuliza. "Hata kidogo? Hata pale anapocheka?"

"Anacheka?"

"Pale getini. Kwenye jamani." Nikaendelea, mdomo umeshakwenda, siwezi kuurudisha. "Na kwenye tangi anavuta pumzi kabla ya kusema. Siku hizi inasikika kabisa, tangu feni zitoke."

Fundi aliniachia mkono. Hakuniachia kwa ubaya. Uliteleza tu, kama ameusahau. "Anacheka wapi?" akasema, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Akachomeka plagi. Sanduku likawasha kijitaa chake, likachukua muda wake kuamka, na muda wote huo alikuwa amechuchumaa mbele yake. Kisha akainuka, akapita karibu yangu, akaenda nje kulifungua geti.

Nikamwona kupitia dirishani. Alisimama katikati ya geti wazi, mikono imening'inia. Ndani ya nyumba, juu ya kichwa changu, Chiriku akasema, "Geti liko wazi, jamani!" na kicheko kikakatika pale kinapokatika siku zote. Kule nje hakusikia vizuri, spika ziko ndani. Akaliacha wazi akarudi hadi mlangoni. "Karibu nyumbani," akaambiwa. Akasimama hapo hapo kizingitini, na sauti ya getini ikarudia, kwa kuwa hurudia mpaka mtu afunge.

"Nilikuwa nimeweka ndoo kichwani," akasema.

"Nini?"

"Siku ile ya kurekodi. Tangazo la geti lilikuwa linamshinda, anakosea kila mara, anakasirika. Nikaenda kusimama mbele yake nimevaa ndoo kama kofia, nikapiga saluti." Alijaribu kutabasamu, na midomo ikakataa. "Akanifukuza. Nilidhani alirekodi tena baada ya hapo. Sikujua aliiacha ile ile."

Nikasema, kwa sauti laini niliyoweza kuipata, "Basi twende tukarekodi. Umesema kabla ya kula."

Akaitikia kwa kichwa. Ninaapa aliitikia. Lakini alikwenda jikoni, akafungua mlango wa friji, akasimama mbele ya ile baridi asichukue kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akafunga, akafungua tena. Alikuwa na uso wa mtu anayesomewa barua iliyochelewa sana kufika, machozi yanashuka hayafuti, na Chiriku anamwambia mlango wa friji uko wazi. Yule aliyekuwa kengele tu asubuhi ile, jioni hii alikuwa amerudi mzima mzima, ana pumzi na kicheko. Na aliyemwamsha hakuwa Fundi. Masikio yaliyomtunza kwa wivu, neno kwa neno, yalikuwa yangu.

Nikapakua chakula, nikaweka mezani, nikafunika. Nikamwita. Akasema anakuja. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, ukifungwa, ukifunguliwa. Nikatoka sebuleni nikamkuta kizingitini, yuko nusu ndani nusu nje, koti la kazi bado mwilini. Nikamshika begani.

"Mume wangu," nikasema. "Karibu nyumbani."

Akainua kidole bila kunigeukia.

"Ngoja kidogo," akasema. "Ngoja amalize."

Nikangoja.